Alama 250 za Kemia Ogania: Uchambuzi wa Kisa cha Mwombaji wa Shule ya Optometria

Kisa hiki kinamhusu mwombaji mmoja aliyetaka kuingia shule ya optometria (taaluma ya kupima macho na kuagiza miwani) nchini Marekani, akakosa nafasi katika msimu wa maombi wa 2021 hadi 2022, kisha akaipata katika msimu uliofuata. Nilihusika nacho kama msomeshaji wake kuanzia Machi 2022, majibu ya kwanza yalipokuwa yameshamfikia, na ameniruhusu kukieleza ilmradi jina lake na majina ya vyuo alivyoomba yasitajwe. Sikukichagua kwa sababu matokeo yake ni ya ajabu, maana si ya ajabu. Nimekichagua kwa sababu mwombaji huyu, na baadaye mimi pamoja naye, tulitumia majuma kadhaa tukitibu ugonjwa ambao haukuwapo, na namna tulivyougundua ule uliokuwapo inaweza kumfaa mtu anayeutazama sasa mtihani wa kujiunga na shule hizo.

Alikuwa na shahada ya kwanza ya biolojia aliyoipata mwaka 2019, na tangu wakati huo alikuwa akifanya kazi ya usaidizi katika duka la miwani lenye chumba cha uchunguzi. Kazi yake ilikuwa kuwapima wagonjwa kwa mashine kabla hawajaingia kwa daktari, kusoma nguvu ya miwani yao ya zamani kwa lensomita, na kukaza fremu zilizolegea. Kwa hiyo hakuwa mgeni wa fani. Alijua wagonjwa wanalalamikia nini, alijua daktari anaandika nini kwenye faili, na alijua kwamba anataka kukaa upande wa pili wa mashine ile. Kilichomsumbua kilikuwa karatasi.

Mtihani wenyewe wa kujiunga ni OAT (Optometry Admission Test), ambao uko chini ya jumuiya ya shule na vyuo vya optometria, ASCO, na hufanywa kwa kompyuta katika vituo vya Prometric. Una sehemu nne. Ya kwanza ni sayansi asilia, yenye maswali 100 kwa dakika 90: biolojia 40, kemia ya jumla 30 na kemia ogania 30, yote yakipimwa na saa ileile inayohesabu kurudi nyuma, wala somo halina muda wake peke yake. Inafuata sehemu ya ufahamu, yenye vifungu vitatu na maswali 50 kwa dakika 60. Baada ya mapumziko huja fizikia, maswali 40 kwa dakika 50. Na mwisho ni hesabu, maswali 40 kwa dakika 45. Katika msimu ninaouzungumzia, kila somo lilipewa alama kati ya 200 na 400, na jibu lisilo sahihi halikupunguza chochote. Naomba msomaji ashike jambo moja katika maelezo hayo, nalo ni kwamba masomo matatu yanachota kwenye kisima kimoja cha dakika 90.

Aliufanya mara ya kwanza Januari 2022. Alipata 320 katika biolojia, 290 katika kemia ya jumla, 250 katika kemia ogania, 310 katika ufahamu, 260 katika fizikia na 290 katika hesabu. Wastani wa kitaaluma, yaani wa masomo yote sita ukikadiriwa hadi kumi ya karibu, ulikuwa 290. Kwa vyuo alivyovilenga, wastani huo peke yake haukuwa mwisho wa safari, lakini ile 250 ilikuwa inaonekana kama jino lililong'oka: hakuna aliyeitazama ripoti ile asiyeanza nayo.

Yeye naye alianza nayo. Tangu katikati ya Februari alirudi kwenye kitabu cha kemia ogania, sura ya kwanza, akawa anaandika upya miitikio yote ya kikemikali kwenye kadi. Nilipomkuta alikuwa na kadi zaidi ya 200 na alikuwa anazipitia kila usiku. Nami, niseme wazi, nilikubaliana naye. Alama ya chini kabisa iko wapi? Kwenye ogania. Basi tusome ogania. Tulikwenda hivyo kwa karibu majuma matatu, tukizungumza kuhusu kwa nini mwitikio wa SN2 unageuza mpangilio wa kaboni na ule wa SN1 unauchanganya, na kila nilipomuuliza alinijibu sawasawa. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka, nami sikushtuka.

Nilishtuka siku nilipompa maswali 30 ya ogania peke yake, bila saa, ili nione ni mada zipi bado ngumu. Alipata 24. Mtu anayepata 24 kati ya 30 hapati 250, hata ukimwekea posho ya woga wa chumba cha mtihani. Ama maswali yangu yalikuwa mepesi mno, na hayakuwa mepesi, ama kuna kitu kingine kilichokuwa kinakula alama zake. Maswali halisi ya mtihani huwezi kurudishiwa ukayakagua, kwa hiyo njia pekee ilikuwa kuujenga mtihani upya. Jumamosi iliyofuata aliketi kwa sehemu nzima ya sayansi asilia, maswali 100 kwa dakika 90, nami nikaketi nyuma yake na saa ya mkononi, nikiandika dakika aliyoianza na kuimaliza kila somo.

Biolojia ilimchukua dakika 41. Kemia ya jumla ilimchukua 32. Alipofika ogania alikuwa amebakiwa na dakika 17 kwa maswali 30. Alijibu 19 mbiombio, na kumi na moja ya mwisho aliyabonyeza bila kuyasoma. Katika yale 30 alipata 15. Somo lililokuwa mgonjwa lilikuwa biolojia, lile lile lililompa 320 na ambalo hakuna aliyekuwa analishuku, kwa sababu gharama yake haikuandikwa kwenye mstari wake. Iliandikwa kwenye mstari wa jirani.

Ilibaki kujua kwa nini mwenye shahada ya biolojia anatumia dakika 41 kwa maswali 40, mengi yakiwa ya kukumbuka tu. Nilimrudisha kwenye swali moja na kumwomba ajibu kwa sauti. Swali liliuliza ni kiungo kipi cha seli kinachozirekebisha protini na kuzifungasha kabla ya kusafirishwa. Aliitaja Golgi ndani ya sekunde kama kumi. Kisha, badala ya kuendelea, alirudi kwenye chaguo la retikulamu ya endoplazimu, akaanza kujadiliana na mtunga swali: retikulamu yenye ribosomu nayo huzigusa protini, huzikunja, huziongezea sukari, je, si inaweza kusemwa kwamba nayo inazirekebisha? Alikaa hapo sekunde hamsini zaidi, kisha akaacha jibu lilelile la Golgi. Nilihesabu mara ngapi jambo hilo lilitokea katika maswali 40 ya biolojia: mara 14. Katika hizo 14, alibadilisha jibu mara tatu tu, na mara mbili kati ya hizo alibadilisha lililo sahihi kuwa kosa. Alikuwa anajua mengi kuliko swali lilivyohitaji, na alikuwa analipia ziada hiyo kwa muda wa somo lingine.

Dawa yake ilikuwa rahisi kuandika, kuimeza ndiko kulikokuwa kazi. Tuligawa dakika 90 hivi: 28 za biolojia, 30 za kemia ya jumla, 27 za ogania, na 5 za kurudi kwenye yaliyowekewa alama. Swali likifika sekunde sitini bila jibu, anachagua lililo karibu zaidi na ukweli, analiwekea alama ya kurudiwa, anaondoka. Kwa kuwa hakuna adhabu ya kukosea, kuliacha swali wazi ni hasara tupu. Kuna waliomshauri aanze na ogania ili ipate dakika za kwanza, jambo ambalo linawezekana kwa sababu ndani ya sehemu moja mtahiniwa anaweza kurukaruka. Nilikataa. Kubadili utaratibu kungeuhamisha ugonjwa uende ukaonekane kwenye biolojia, huku tabia ya kujadiliana na swali ikibaki palepale.

Mtihani wa majaribio uliofuata ulimvunja moyo, na nadhani hapa ndipo wengi huiacha njia hii. Biolojia ilishuka kutoka dakika 41 hadi 33, lakini majibu sahihi nayo yakashuka, kutoka 36 hadi 33. Ogania ilipanda hadi 21. Kwa hesabu ya jumla alikuwa amefaidi, ila jicho lake lilikuwa kwenye biolojia, somo lake la fahari, na kuiona ikipungua kulimuuma. Mtihani wa tatu biolojia ilichukua dakika 30 na majibu sahihi 35; wa nne dakika 27 na majibu 36, huku ogania ikiwa imefika 25. Kadi zake 200 za miitikio hazikuguswa tena tangu Aprili.

Fizikia ilikuwa habari nyingine. Huku ugonjwa ulikuwa wa kweli, na nakala ya matokeo yake ya chuo iliuthibitisha: alipata D katika fizikia ya kwanza, akairudia akapata B, na kati ya marudio hayo na OAT ilipita miaka minne. Orodha ya mada za fizikia katika mtihani huu ni ndefu kuliko watu wanavyodhani: mwendo, nguvu, mzunguko, nishati na kani mwendo, mawimbi, vimiminika, joto, umemetuli, saketi, na mwanga. Hakukuwa na ujanja wa saa hapo. Ilibidi asome.

Nilimwomba afungue daftari la makosa lenye safu tatu. Safu ya kwanza ni alichokifanya. Ya pili ni kwa nini kilionekana sahihi wakati ule. Ya tatu ni kitu gani kingemwonyesha kwamba amekosea kabla hajabonyeza jibu. Madaftari mengi ya makosa niliyoyaona ni makaburi ya majibu sahihi yaliyonakiliwa kwa mwandiko mzuri. Safu ya pili na ya tatu ndizo zenye kazi, na ndizo watu huziacha tupu.

Ukurasa mmoja wa daftari hilo unastahili kuonyeshwa. Swali: kitu kimewekwa sentimita 30 mbele ya lenzi inayokusanya mwanga, yenye umbali wa fokasi wa sentimita 20, taswira itatokea umbali gani kutoka kwenye lenzi? Alijibu sentimita 12. Alikuwa amejumlisha moja ya ishirini na moja ya thelathini, akapata moja ya kumi na mbili. Kwenye safu ya pili aliandika kwa unyoofu: "Fomula ina alama ya kujumlisha, nikajumlisha." Ni kweli fomula ina alama hiyo (moja gawa kwa fokasi ni sawa na moja gawa kwa umbali wa kitu, jumlisha moja gawa kwa umbali wa taswira), lakini iko upande wa umbali wa kitu na umbali wa taswira, kwa hiyo asiyejua umbali wa taswira hana budi kutoa. Moja ya ishirini ukitoa moja ya thelathini inabaki moja ya sitini, yaani sentimita 60.

Safu ya tatu ilimchukua siku mbili kuijaza, nami sikumsaidia. Hatimaye aliandika kwamba kitu kipo nje ya fokasi lakini ndani ya mara mbili ya fokasi, kati ya sentimita 20 na 40, na kitu kikikaa hapo taswira yake halisi huangukia nje ya sentimita 40. Jibu la 12 lilikuwa haliwezekani kabla hata hajashika kalamu. Nikamwongezea la kwangu. Dukani, nikamwambia, lenzi hiyo mnaiitaje? Akasema ni +5.00, yaani dayopta 5, kipimo cha nguvu ya lenzi kinachopatikana kwa kugawa 1 kwa umbali wa fokasi wa mita 0.20. Vizuri. Mwanga unaotoka kwenye kitu kilicho mita 0.30 unafika kwenye lenzi ukiwa unatawanyika kwa dayopta 3.33, tuandike −3.33. Lenzi inaongeza +5.00. Kinachobaki ni +1.67, na 1 ukiigawa kwa 1.67 unapata mita 0.60. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hii ndiyo kazi yangu ya kila siku." Miaka mitatu alikuwa anazisoma dayopta kwenye lensomita, na hakuna aliyemwambia kwamba ni fizikia ileile iliyompa D.

Sitaki kulikuza tukio hilo. Mwanga ni mada moja kati ya nyingi, na mada zile nyingine, hasa mzunguko na vimiminika, hakuwa na duka la kumfundisha. Alizipata kwa njia ya kawaida: mada moja kwa juma, maswali ishirini kila jioni, na kila Jumapili maswali mchanganyiko ili asijue mapema ni fomula gani inaitwa. Mwishoni fizikia ndiyo iliyokuwa alama yake ya chini kabisa.

Ufahamu na hesabu havina mengi ya kusimuliwa. Kwa hesabu alirudia trigonometria na uwezekano, akazoea kikokotoo kidogo cha kwenye skrini badala ya kile cha mkononi alichokizoea shuleni. Kwa ufahamu aliacha kusoma kifungu chote kwa makini mwanzoni. Alikipitia kwa dakika tatu ili ajue kila aya inahusu nini, ndipo akaingia kwenye maswali, akijua kwamba ana dakika ishirini kwa kila kifungu na haazimi za kifungu kinachofuata. Tabia ile ya kuazima muda ilikuwa imeshajulikana jina lake.

Wakati hayo yakiendelea nilimwomba anionyeshe ombi lake la msimu uliopita, lote, kama lilivyotumwa. Maombi ya shule za optometria Marekani hupitia mfumo mmoja wa OptomCAS, ambao hufunguliwa kila mwaka kiangazi kinapoanza, na shule nyingi huanza kutathmini na kugawa nafasi kadiri maombi yanavyoingia. Alikuwa ametuma mwishoni mwa Februari. Dirisha lilikuwa bado wazi, hilo ni kweli, na tarehe ya mwisho alikuwa hajaivuka. Lakini kwa shule inayojaza viti tangu vuli, ombi la Februari linagombea mabaki.

Halafu kulikuwa na wastani wa alama za chuo, yaani GPA. Kwenye barua zake zote aliandika GPA ya 3.30, kwa sababu ndivyo chuo chake kilivyoihesabu, kikifuta alama ya kwanza ya kozi iliyorudiwa. OptomCAS haifuti. Kila jaribio linahesabiwa. Alikuwa amerudia kozi mbili, kila moja ikiwa na krediti 4: fizikia ya kwanza aliyopata D, na ogania ya kwanza aliyopata C yenye alama ya kutoa. Tulikaa tukapiga hesabu. Krediti 120 kwa 3.30 ni pointi 396; ukiongeza krediti 4 za D unapata pointi 4, na krediti 4 za C ile zinaleta 6.8, jumla ni pointi 406.8 kwa krediti 128, ambayo ni karibu 3.18. Vyuo vilikuwa vinasoma 3.18 wakati yeye anaandika 3.30, na sidhani kama kuna msomaji wa maombi anayefurahia kuiona tofauti hiyo bila maelezo. Alipojua, aliitumia nafasi ya maelezo ya ziada iliyotolewa na baadhi ya shule kusema kwa sentensi mbili kwamba kozi hizo alizirudia na alipata nini. Sentensi mbili zilitosha.

Kosa jingine lilikuwa dogo na la gharama. Kiangazi cha mwaka wake wa pili alisoma saikolojia katika chuo cha jamii, kozi moja tu, na hakukiorodhesha chuo hicho. Mfumo unataka nakala rasmi kutoka kila taasisi uliyowahi kusoma baada ya sekondari, na kozi zote ziingizwe mojamoja kama zilivyoandikwa kwenye nakala. Ombi lake lilirudishwa asahihishe, likapoteza majuma matatu juu ya ucheleweshaji uliokuwapo.

Barua za mapendekezo zilikuwa tatu, na moja iliandikwa na msimamizi wake wa duka. Msimamizi huyo alikuwa fundi wa miwani, mtu anayetengeneza na kuuza miwani kwa kufuata maandishi ya daktari. Hakuwa daktari wa optometria. Kwa mtu wa nje tofauti hiyo ni ya vyeo tu. Kwa shule inayosema wazi kwamba inataka barua ya daktari wa optometria, ni barua iliyokosekana. Daktari aliyefanya naye kazi miaka mitatu alikuwa chumba cha pili, na alipoombwa aliandika kwa moyo wote. Alipoulizwa kwa nini hakumwomba tangu mwanzo, alijibu kwamba aliona aibu kumsumbua. Daktari huyohuyo ndiye aliyemtafutia mahali pengine pawili pa kufuatilia kazi kwa karibu, kliniki binafsi moja na kliniki ya hospitali inayowahudumia watu wenye uoni hafifu, kwa sababu saa zake zote za awali zilikuwa za duka lilelile.

Insha binafsi ndiyo niliyoitazama kwa muda mrefu zaidi. Nafasi inayotolewa ni herufi 4,500, nafasi tupu zikihesabiwa, na ya kwanza ilitumia karibu nusu yake kueleza jinsi bibi yake alivyopofuka kwa glakoma. Lilikuwa jambo la kweli na la kuhuzunisha, lakini ndani yake mwombaji alikuwa mtoto aliyesimama mlangoni. Msomaji alimfahamu bibi, hakumfahamu yeye. Nilimuuliza ni lini, akiwa kazini, alifanya kitu ambacho mashine isingekifanya. Alifikiri sana, kisha akanisimulia kuhusu mzee mmoja aliyeletwa kupimwa upana wa uwanda wa kuona. Katika kipimo hicho mgonjwa hutazama nukta moja katikati na kubonyeza kitufe kila anapoona mwanga mdogo ukitokea pembeni. Ramani ya mzee huyo ilitoka na weusi uliotawanyika bila mpangilio, kama mtu asiyeona karibu popote, ilhali aliingia chumbani bila kugusa ukuta. Msaidizi wa kawaida angeipeleka ramani hiyo kwa daktari. Yeye alimwangalia macho na mkono, akaona kwamba kila mwanga ulipotokea mzee aligeuza macho kuutazama kwanza ili ajiridhishe, ndipo abonyeze, na kwa wakati huo mwanga mwingine ulikuwa umeshapita. Alisimamisha kipimo, akamweleza upya kwamba haruhusiwi kuutafuta mwanga, kwamba kuukosa baadhi ni sehemu ya kipimo, akamwacha ajaribu kidogo, kisha akaanza upya. Ramani ya pili ilionyesha upungufu katika sehemu moja tu, ya juu upande wa pua, na hiyo ndiyo daktari aliyoifanyia kazi.

Hilo ndilo lililochukua nafasi ya bibi, ambaye alibaki kwa sentensi moja.

Orodha ya shule nayo ilibadilika. Mara ya kwanza aliomba tatu, alizozichagua kwa majina. Mara ya pili aliomba sita, baada ya kusoma masharti ya kila moja, maana hayafanani: moja inadai takwimu, nyingine mikrobiolojia yenye maabara, nyingine baiokemia. Takwimu hakuwa nayo, akaisoma kiangazi hicho. Alitazama pia viwango vya ufaulu katika mitihani ya bodi ya taifa, NBEO, ambavyo ASCO huvichapisha kwa kila shule, kwa sababu kuingia shule ya miaka minne bila kujua wahitimu wake wanafaulu vipi mtihani wa leseni ni sawa na kununua miwani bila kuijaribu usoni.

OAT ya pili aliifanya katika juma la tatu la Julai 2022. Kituo kilimpa alama zisizo rasmi papo hapo, na alinipigia simu akiwa bado kwenye maegesho ya magari: biolojia 340, kemia ya jumla 330, ogania 330, ufahamu 340, fizikia 310, hesabu 320. Wastani wa kitaaluma, 330. Nilimuuliza biolojia aliimaliza saa ikionyesha dakika ngapi. Alisema 61 zilizobaki, yaani alitumia 29.

Ombi lilitumwa Agosti 9 na likathibitishwa mwishoni mwa mwezi huo. Aliitwa kwenye usaili na shule nne kati ya sita. Katika moja ya hizo aliulizwa daktari wa optometria anaruhusiwa kufanya nini na hapaswi kufanya nini, swali tulilokuwa tumelifanyia mazoezi, na alijibu kwamba inategemea jimbo: Oklahoma iliruhusu upasuaji fulani wa leza tangu 1998, Kentucky ikafuata 2011 na Louisiana 2014, ilhali majimbo mengine yaliendelea kukataa, kwa hiyo shahada ni moja lakini mipaka ya kazi huchorwa na sheria ya mahali. Aliulizwa pia kuhusu ile D ya fizikia. Aliwasimulia lenzi ya sentimita 20.

Alipata nafasi mbili kufikia Novemba, na shule aliyoitaka kuliko zote ikamweka kwenye orodha ya kusubiri, ambako alibaki hadi alipojiondoa mwenyewe. Juu ya hilo mimi na yeye hatujakubaliana mpaka leo. Yeye anaamini ingefaa atume ombi mara tu mfumo ulipofunguliwa, alama mpya zimfuate baadaye, kwa sababu mfumo unaruhusu na majuma matano yangemweka mbele ya foleni. Mimi ndiye niliyemzuia. Niliona kwamba ombi lililofika na ogania ya 250 kama alama pekee iliyopo lingesomwa na mtu yuleyule, kwa jicho lilelile la mwaka uliotangulia, na likishasomwa hivyo huenda lisifunguliwe tena. Ananiambia nilikuwa nahofia alama ambayo sisi wenyewe tulishajua haikuwa ya ogania.